Begi la leba: lipange mapema, na baba ajue kilichomo ndani

(Haya ni maneno niliyoongea na kinamama wa kikoba chetu huku Mbagala pamoja na waume zao. Wengi waliniomba niyaandike, nimeyaandika karibu vile vile nilivyoyasema.)

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na shikamooni mama zangu mliokaa hapo mbele. Nashukuru kwa kualikwa, na nashukuru zaidi kuwaona akina baba mmekuja, tena naomba msogee huku karibu maana nusu ya maneno yangu leo ni yenu.

Mwenyekiti aliniambia niongelee begi la kujifungulia. Nikamwambia sawa, ila sitakuja kusoma listi, kwa sababu listi zimejaa kwenye simu zenu, nyingine zimetoka Ulaya huko zina mpaka mto maalumu wa kunyonyeshea na taa ya usiku, dada wa watu anaisoma anakata tamaa anaona kumbe kuzaa ni kwa wenye hela. Mimi ni mkunga, nimekaa leba miaka mingi, na ninachokiona ni kwamba mara nyingi vitu vipo. Vimenunuliwa, vimefuliwa, vimekunjwa vizuri. Shida ni kwamba anayejua viko wapi ni mtu mmoja tu, na mtu huyo kwa wakati huo ana uchungu.

Chukua usiku wa kawaida. Saa nane bajaji inaingia, dada anashushwa, hawezi hata kunyooka, anakalishwa kwenye kiti cha magurudumu anapelekwa ndani moja kwa moja. Mume anabaki na begi. Nesi anamuuliza, baba kadi ya kliniki iko wapi? Anafungua zipu anaanza kutoa, gauni la mtoto la maua, viatu vya mtoto, poda, kablanketi kenye masikio ya sungura, vyote anavipanga kwenye benchi, glovu hazionekani, kadi haionekani, mwisho anampigia simu dada yake aliyebaki nyumbani aangalie kabatini. Huku ndani sisi hatujui kundi la damu la huyu mama, hatujui presha yake mwezi uliopita ilisoma ngapi, hatujui kama wingi wa damu ulikuwa chini ya 11, tunamuuliza mwenyewe na yeye katikati ya uchungu anachoweza kusema ni "nesi nisaidie". Na yule baba wala sio mzembe jamani, kaacha usingizi, kalipa bajaji, kaja. Ila hakuna siku hata moja aliyofunguliwa lile begi akaoneshwa kilichomo.

Kwa hiyo ombi langu kubwa ni hilo, begi lipangeni wawili. Mume akiwa safarini basi mama yako, wifi, jirani, yule ambaye unajua kabisa usiku wa manane ndo utamgongea mlango. Mkae kitandani mtoe kila kitu mrudishe kila kitu, yeye ndo arudishe kwa mikono yake, halafu umuulize kadi iko wapi, kanga za mtoto ziko wapi. Akijibu bila kufungua, mmemaliza.

Lini? Wiki ya 32, ukichelewa sana 34. Najua wengi mnangoja mwezi wa tisa, na wengine mnaambiwa kununua nguo za mtoto mapema ni kujitakia mabaya. Mimi sigombani na imani ya mtu, kama hutaki kununua nguo mapema basi zipange kanga zako na makaratasi, nguo za mtoto ataleta bibi yake. Lakini ile tarehe uliyoandikiwa kliniki ni makisio, tunahesabu wiki 40 kuanzia siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, mimba iliyokomaa inaweza kujifungua popote kati ya wiki 37 na 42 na wanaojifungua siku ile ile iliyoandikwa ni wachache sana. Wenye mapacha mnawahi. Wenye presha mnaweza kulazwa ghafla, umeenda kliniki na pochi mkononi unaambiwa hurudi nyumbani. Na nyie mnaotaka kwenda kujifungulia kwa mama kijijini, ulizeni kabla kama kituo cha karibu kina nyumba ya kusubiria, ile chigonella, ukakae hapo karibu wiki za mwisho, kuliko kukaa kilomita 40 na begi zuri.

Sasa namna ya kulipanga. Kinachohitajika kwanza kikae juu. Watu wengi mnapanga kinyume, vya mtoto juu kwa sababu ndo vizuri kuviangalia, na kadi mmeisokomeza chini kabisa isikunjike. Kadi ikae mfuko wa nje, kwenye plastiki ya faili ili chupa ya uzazi ikipasuka kwenye bajaji isilowe, pamoja na kitambulisho, kadi ya bima kama unayo, karatasi za ultrasaundi, na majibu ya vipimo kama ulipima pembeni hayakuandikwa kwenye kadi. Weka na karatasi yenye namba za simu tatu zimeandikwa kwa kalamu. Simu inazima, na siku hizi hakuna anayeijua namba ya mume wake kwa kichwa. Majina kwenye kadi yafanane na ya kitambulisho herufi kwa herufi, maana hayo hayo ndo yatakwenda kwenye tangazo la kizazi na baadaye RITA kwenye cheti cha mtoto, na kulirekebisha jina baadaye ni safari nyingi.

Baada ya makaratasi zinakuja kanga, na hapa naomba mnivumilie niongee kidogo kwa sababu kanga naiheshimu sana. Unahitaji nyingi kuliko unavyofikiri, za kutandika, za kujifunga, za kumfutia mtoto, za kumfunika, ukipata sita ni vizuri, na zisiwe mpya. Kanga mpya ina wanga, maji yanateleza juu yake, haifyonzi na haimpi mtoto joto. Chukua zile ulizozifua mpaka zimelainika, za pamba tupu, sio hizi za nailoni zinazong'aa. Nyingine mbili ziwe za rangi nyepesi, nyeupe au njano, hizo ndo utakazokalia na kulalia baada ya kujifungua. Kwa nini nyepesi? Kwa sababu damu kwenye kanga nyeusi au ya damu ya mzee haionekani. Unakaa unaloa, anayekutazama anaona uko sawa, wewe mwenyewe umechoka unaona usingizi, kumbe ule usingizi sio wa uchovu.

Kuna utafiti ulifanyika Kigoma ukachapishwa 2005, watafiti walitaka njia ambayo mkunga wa jadi asiye na kipimo chochote anaweza kujua mzazi anatoka damu nyingi, wakatumia kanga zetu hizi hizi. Kanga mbili zikiloa chepechepe ilihesabiwa kwamba huyo ameshavuka nusu lita, na nusu lita baada ya kujifungua kawaida ndo kipimo ambacho sisi wakunga tumefundishwa kuanzia hapo unahangaika. Kwa hiyo bibi au wifi anayekaa na mzazi, kazi yako sio kumpa uji peke yake, kila baada ya muda inua shuka uangalie alichokalia. Pedi inajaa ndani ya saa moja au chini ya hapo, au mabonge yanatoka, usisubiri nesi apite, mfuate alipo, paza sauti, usione aibu. Kutoka damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa vitu vinavyoua mama zetu kwa haraka kuliko vyote, na dawa zake zipo, sindano ya oksitosini tunachoma palepale mtoto anapotoka, lakini ikiendelea kuvuja baada ya hapo lazima mtu aione.

Haya, vifaa. Glovu, mpira wa kutandika, pamba, wembe, klampu ya kitovu, beseni, ndoo, sabuni. Hapa nitaongea wazi. Sera ya serikali inasema huduma ya mjamzito kwenye kituo cha umma ni bure, na mimi nimefanya kazi miaka yote nikiiamini sera hiyo. Lakini mnajua na mimi najua kwamba stoo inaisha, na mama anaambiwa aje na vyake. Ninachowaomba ni kuuliza mapema, kliniki ya wiki ya 30 hivi, muulize nesi kwa upole, dada hapa kwenu nitakuja na nini na nini mnacho? Kila kituo kina yake. Msinunue kila kitu kwa sababu jirani alinunua, na msije kukopa humu kwenye kikoba kwa riba eti kutafuta glovu. Nilishamwona dada amekaa nyumbani na uchungu tangu asubuhi kwa sababu beseni halijapatikana, anaogopa atasemwa. Beseni jamani! Hakuna mwenye haki ya kumrudisha mama mwenye uchungu kwa sababu ya beseni, ukifanyiwa hivyo muulizeni mganga mfawidhi, namba yake huwa imebandikwa ukutani, mpigieni hapohapo. Na mimi kama mtumishi nikiri upande wetu kuna wenzetu wana lugha kali, hilo halitetewi, ila lugha kali isikufanye ubaki nyumbani.

Kuna kitu naomba kitoke kwenye begi kabla hakijaingia. Zile dawa za kuongeza uchungu. Mizizi, unga, chupa ya soda yenye maji ya kahawia, nazijua zote, nimezikuta zimefungwa kwenye kona ya kanga, nimezikuta ndani ya thamosi ya uji. Najua mara nyingi zinatoka kwa mtu anayekupenda kabisa, mama mkwe au shangazi, na yeye alizitumia akajifungua salama. Mama zangu niwieni radhi. Ile dawa haina kipimo, hakuna anayejua nguvu yake, inafanya kizazi kibane bila kupumzika, mtoto anakosa hewa katikati ya mbano na mbano, na kama njia ni nyembamba au una mshono wa operesheni kizazi kinaweza kuchanika. Halafu sisi hatujui umekunywa, tunakuongezea dripu ya uchungu juu yake. Kama umeshakunywa, niambie. Sitakugombeza, nataka kujua tu ili nisiongeze nyingine juu.

Chakula beba. Chai ya rangi yenye sukari, maji, tende, uji mwepesi, mama mwenye uchungu wa kawaida asiye na tatizo anahitaji nguvu, uzazi wa kwanza unaweza kwenda masaa 12 na zaidi. Uji wa pilipili manga na mtori vitamngoja akishamaliza. Ila ukiambiwa unaandaliwa kwa operesheni usile wala usinywe kitu kwa siri, hiyo ni kwa usalama wako kwenye usingizi wa dawa.

Dawa zako za kila siku pia zinaingia. Za presha, za sukari, za pumu. Na dada zangu mnaotumia ARV, ziwekeni kwenye kakopo kadogo kasichoandikwa chochote, mfuko wako mwenyewe, endelea kumeza kwa saa zako hata ukiwa leba, na mnong'oneze mkunga ili mtoto naye aanzishiwe dawa yake mapema akishazaliwa. Huna haja ya kumweleza mtu mwingine yeyote aliyekusindikiza. Wapo kinamama wengi wamezaa hivyo na watoto wao wako salama wanacheza huko mitaani.

Sasa mtoto, ambaye begi zima mmemwekea yeye. Mahitaji yake ya siku ya kwanza ni machache, joto na ziwa. Mtu ananiambia sista Dar joto hili lote kofia ya nini? Mtoto anatoka kwenye maji ya joto la mwili wako anaingia chumbani akiwa ameloa, feni inazunguka juu, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, joto linapotelea hapo. Akipoa anaacha kunyonya, sukari yake inashuka, kupumua kunakuwa shida. Kwa hiyo kanga mbili laini, ya kwanza ya kumkaushia tunaitupa pembeni maana imelowa, ya pili ya kumfunika akiwa kifuani kwako ngozi kwa ngozi, kofia na soksi, basi. Hivyo vyote nifungieni pamoja kwenye kifurushi kimoja, mkunga akisema nguo za mtoto msindikizaji anatoa kifurushi, hachakui. Na asiogeshwe siku hiyo, muacheni masaa 24 yapite, bibi zetu mnapenda aogeshwe haraka apakwe mafuta anukie vizuri, tunaomba msubiri kesho.

Nguo za mtumba ni nzuri tu, sina neno nazo. Zifuliwe, zianikwe kwenye kamba juani, sio kwenye majani wala mchangani, halafu zipigwe pasi ya moto pande zote mpaka kwenye mishono. Kuna inzi anataga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa chini, wale viluwiluwi wakigusa ngozi wanaingia, baada ya siku kadhaa mtoto ana jipu na ukilitazama vizuri linapumua. Poda acheni. Wanja acheni. Kitovu msiweke kitu. Chupa ya maziwa na kopo la maziwa msibebe, yale maziwa ya kwanza ya njano mazito ndo chanjo yake ya mwanzo, anyonye ndani ya saa moja.

Na wewe mwenyewe usijisahau, pedi kubwa za uzazi, chupi pana zisizobana ambazo hutaumia kuzitupa, dera lenye vifungo mbele, ndala, mswaki. Kucha bandia na rangi ya kucha ziondoe mapema, kile kidude tunachokubana kidoleni kusoma hewa ya damu kinasumbuka navyo. Dhahabu acha nyumbani.

Akina baba, sasa zamu yenu. Begi lenu nyie halina zipu. Ni nauli iliyotengwa pembeni haiguswi hata Simba na Yanga wakicheza, ni namba ya dereva wa bajaji au teksi mliyeshakubaliana naye kwamba usiku atapokea, na wawe wawili maana mmoja atazima simu. Bodaboda kwa mama mwenye uchungu hapana. Ni ndugu wawili wazima wa afya walioshakubali kuchangia damu, mmewauliza kabisa, sio mnawafikiria tu. Na ni namba 115, iandikeni sasa hivi. Hiyo ni ya m-mama, bure, mitandao yote, ni kwa dharura za mjamzito, aliyejifungua mpaka siku 42, na kichanga mpaka siku 28. Wanaongea na wewe, wanapanga usafiri, ambulensi ikiwa mbali wanamtuma dereva wa jamii waliyemsajili na hela yake hamlipi nyie.

Na jambo lingine kwenu, ruhusa itoeni leo. Kuna nyumba ambayo mama hawezi kutoka mpaka baba arudi au babu aseme. Mwambie mke wako mbele ya mama yako kwamba ukianza uchungu na mimi sipo, nenda. Mimi hii naihesabu kama kitu cha kwanza kabisa kwenye begi.

Kuna hali ambazo begi mnaliacha. Damu inatoka ukeni kabla ya uchungu, kichwa kinauma sana na anaona maluweluwe, uso na mikono imevimba, degedege, homa kali, mtoto ameacha kucheza, chupa imepasuka na maji ni ya kijani. Hapo hakuna kutafuta kanga, chukua kadi mfuko wa nje muondoke, begi litaletwa na jirani. Ndo maana nikasema kadi ikae nje.

Watu huwa wananiuliza kama haya yanasaidia kweli au tunawachosha tu. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulionesha kina mama 556 wanapoteza maisha kwa kila vizazi hai 100,000. Wa 2022 ukaonesha 104. Na katika kipindi hicho hicho wanaojifungulia kituoni walitoka asilimia 63 wakafika 81. Vitu vingi vimechangia hapo, vituo kujengwa, vyumba vya upasuaji, madaktari, damu, barabara. Lakini chumba cha upasuaji hakiwezi kukufuata Mbagala Kuu kilipo kitanda chako, lazima ufike, na ufike mapema. Hao ambao bado tunawapoteza wana majina na wana watoto nyumbani, na wengine wao ninajua walichelewa mlangoni kwao, kwenye kuamua na kutafuta nauli, kabla hata hawajapanda gari.

Basi nisiwachoshe, jua limeshakuwa kali. Walio na wiki 30 kwenda mbele bakini hapa na kadi zenu, na waume zenu wabaki pia, nipitie moja moja nione kundi la damu limeandikwa au bado, na ile sehemu ya mpango wa kujifungua ambayo naona wengi wenu iko tupu, tuijaze hapahapa, mwenye kalamu ya ziada anisaidie. Wa wiki 36 aanze.